Cleopas Ogutu, Mpimaji wa Bahari wa Bugolobi

Bwana Cleopas Ogutu anastaafu leo, tarehe 31 Machi 1978, baada ya kuitumikia Maabara ya Ukaguzi wa Shehena, Bugolobi, kwa miaka ishirini na tisa kamili. Aliajiriwa tarehe mosi Aprili 1949, na wapo wanaomtania mpaka leo kwamba barua yake ya kazi ilikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga, ila mwandikaji akasahau kuufuta.

Wasifu wake rasmi, utakaosomwa saa nane mbele ya mgeni rasmi, una mistari sita. Unataja miaka, bidii na unadhifu, wala haumdhuru mtu. Huu ni wa pili. Nimeupiga taipu mimi, Nabwire, mlango ukiwa umefungwa. Nakala ni moja, tutaisoma watatu tu katika chumba cha mizani, kisha kiberiti kitafanya kazi yake. Mniwie radhi kwa makosa ya chapa, maana kila gari likisimama nje vidole vinanikimbia.

Kazi ya Mzee Ogutu ni rahisi kueleza. Shehena hushushwa Mombasa, hupanda treni, hufika Kampala. Ikifika imelowa, watu hugombana: wa reli husema ni bahari, wa meli husema ni mvua ya njiani. Mzee hukata kipande cha mzigo, hukiosha kwa maji safi ya mvuke, hutia matone ya dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, kisha hutazama. Maji ya mvua hubaki yalivyo. Ya bahari hugeuka meupe kama maziwa.

Haishii hapo, kwa sababu hata kijiko cha chumvi ya jikoni huleta weupe ule. Alitufundisha kwamba kilo moja ya maji ya bahari hubeba gramu thelathini na tano hivi za chumvi, hesabu inayowatoa watu mate katika mji huu ambamo chumvi siku hizi hununuliwa kwa kijiko. Ndani yake mna chumvi ya jikoni, magnesi, salfeti na chokaa kidogo, na vyote vimegawana sehemu zilezile, bahari iwe ya Mombasa au ya Bombay. Ukali wa chumvi mtu anaweza kuughushi, lakini mgao ule haughushiki kwa kijiko.

Mpishi wetu wa chai aliwahi kuapa kwamba yai bichi huelea baharini. Mzee alilitumbukiza katika maji ya Mombasa, likazama kama jiwe. Akaeleza kwa upole kwamba bahari imelizidi ziwa uzito kwa sehemu ishirini na tano katika elfu, na yai limevizidi vyote viwili. Yai lilichemshwa, likaliwa, na ubishi ukaisha.

Dawa ya fedha imemwachia ncha za vidole nyeusi zisizotakata kwa sabuni. Mwaka 1973 askari wa kizuizi cha barabarani walimshusha kwenye gari kwa ajili ya vidole hivyo, wakidhani ameshika wino wa kughushi vitambulisho. Aliwaambia anapima bahari. Waliangalia huku na huku, bahari hawakuiona, wakacheka na kumwachia aende zake kama mwendawazimu.

Mwaka 1975 hakuna aliyecheka. Blanketi za jeshi zilifika zimeoza kwa maji, na mtunza stoo, Komakech, akachukuliwa na wanajeshi siku hiyohiyo, akapelekwa kambini kwao. Walisema amezilowesha makusudi. Mkewe, Lamunu, alikuja kwetu kutoka Kyebando kwa miguu, ana mimba ya pili, akaketi kwenye ngazi kungoja majibu. Mzee alipima kipande baada ya kipande. Yote yalikuwa maji ya bahari, blanketi zilikuwa zimelowa melini, na Komakech hakuwa na hatia.

Ripoti aliiandika kwa Kiingereza. Kambini wakaitaka kwa Kiswahili, nami nikaitafsiri. Nilizaliwa Kisenyi, nimekua nikicheza kwa Kiganda, na bahari sijaiona hata siku moja. Kwetu maji makubwa yote ni nyanja, ziwa na bahari sawasawa. Niliandika kwamba blanketi zimelowa maji ya nyanja, nikatia muhuri, nikaenda kula.

Kesho yake tuliitwa. Meja alikuwa ameishika ripoti yangu.

"Nyanja iko hapa, Port Bell," alisema. "Nani alipeleka blanketi ya jeshi Port Bell? Huyu mtu nafanya magendo na mtumbwi. Nyinyi wenyewe mmeandika."

Karatasi iliyoandikwa kumwokoa Komakech ndiyo iliyokuwa ikimzika, na neno lilikuwa langu. Nilifungua mdomo kukiri, lakini Mzee alinitangulia: alisema kosa ni la maabara, akaomba saa moja.

Tulirudi na chupa mbili. Mimi nilibeba ya ziwa, kutoka Port Bell, yeye ya Mombasa, pamoja na kipande cha blanketi na dawa yake. Kabla ya kutia hata tone alifanya jambo ambalo bado linanitetemesha. Alimwambia Meja kwamba ziwa nalo lina chumvi kidogo sana, kwa hiyo litaingia ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilimfinya mgongoni anyamaze. Hakunyamaza.

"Basi yote iko na chumvi!" Meja alisema, akacheka.

"Yote, afande. Lakini hii watu wanakunywa. Ile hapana."

Alitia matone. Maji ya Port Bell yaliingia ukungu wa kutafuta kwa macho. Ya Mombasa yaliganda weupe, na ya blanketi vivyo hivyo. Meja aliinama akazitazama moja moja. Kisha akamwamuru Mzee anywe maji ya chupa ya Mombasa, na Mzee akanywa bila kukunja uso. Ndipo Meja akaonja mwenyewe, akatema karibu na viatu vyake.

"Chungu! Hii hapana nyanja yetu." Akafuta mdomo. "Mtu wa stoo atoke. Lakini nisione yeye tena Kampala."

Komakech alitoka siku ya tatu, hana viatu. Aliondoka wiki hiyohiyo bila kumwona mtoto aliyekuwa njiani. Barua zilikuwa zikifunguliwa na kusomwa njiani, kwa hiyo Mzee alimwagiza jambo moja tu: akifika salama pwani, atume maji.

Tulingoja. Mwaka ukapita, na wa pili. Lamunu alikuwa akija kila mwisho wa mwezi, anatazama rafu ya sampuli, anarudi zake. Mimi nilikuwa nikijificha nisikutane na macho yake.

Februari mwaka huu ililetwa chupa ya soda iliyozibwa kwa nta, haina barua. Tuliogopa ni mtego, kwani yeyote anaweza kukoroga chumvi. Mzee alifunga mlango, akapima siku mbili: uzito, kloridi, magnesi, salfeti. Mgao ulikuwa kamili. Kisha akamwita Lamunu, akatia tone moja mbele yake. Maji yalipogeuka meupe, mama yule alilia kwa sauti, nasi tukalia naye. Katika daftari la sampuli nilijaza mwenyewe safu ya asili: maji ya bahari.

Mzee Ogutu, tunakushukuru kwa miaka yote, kwa yai, na kwa kosa langu ulilolibeba ukaliita la maabara. Keshokutwa unapanda basi la Busia, uvuke mpaka kwenda Kenya. Kibali cha mstaafu na familia yake nimekipiga taipu jana, na safari hii kila neno nimelipima kabla ya kulipiga. Kijaluo chako na Kiacholi cha Lamunu, wa tatu wetu humu chumbani, vinasikilizana, hivyo kwenye vizuizi vya barabarani mzungumze kwa kujiachia. Nenda salama, pumzika, na maji unayoyapenda yakufikie mpaka ugani kwako. Kibali kiko chini ya mizani, kimetiwa sahihi na muhuri: Bwana Cleopas Ogutu, binti yake Lamunu, na wajukuu wawili.