Bi Pindo na Vidonge vya Kutulia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mshonaji wa magauni ya maharusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo. Pindo likienda upande kidogo tu, alifumua lote. Bwana harusi na asubiri!

Mumewe alipofariki, usingizi ulimpotea. Daktari akamwandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi, vya wiki mbili. Narudia: wiki mbili. Bi Pindo alivimeza miaka. Cheti kilikwisha zamani, lakini mwenye duka la dawa aliendelea kumuuzia, maana walizoeana. Sheria haijui mazoea, wasikilizaji. Dawa hizi ni za cheti cha daktari, na hata kumgawia mwenzio ni kosa. Yeye aliwamegea maharusi waliotetemeka. "Meza nusu, mwanangu, utatulia."

Mdogo wake, aliyeishi naye, akaanza kuona mambo. Dada anasinzia cherehani ikikimbia. Dada anasahau vipimo alivyochukua asubuhi. Siku moja sindano ikamtoboa kidole, naye anakitazama tu, kama si chake. Mdogo mtu akaisimamisha cherehani.

"Dada, utaniacha na nani?"

Bi Pindo akacheka, kisha akalia. Akaamua kwa kanuni ya kazi yake: uzi uliojifunga haubembelezwi, unakatwa. Akamwaga vidonge vyote chooni. Mdogo wake akamkumbatia kwa furaha.

Hawakujua. Mwili uliozoea dawa hizi haukatiwi ghafla. Haukatiwi ghafla! Daktari huzipunguza kidogo kidogo. Kesho yake Bi Pindo alitetemeka, jasho likimchuruzika. Mdogo wake akashika mkoba, twende hospitali.

"Nivumilie, mdogo wangu. Ni uchafu wa dawa unatoka."

Mdogo mtu akaurudisha mkoba mezani. Siku ya tatu, Bi Pindo, ambaye hakuwahi kuugua kifafa, alianguka kwa kifafa kando ya cherehani. Hakuamka tena.

Kwa mdogo wake na jamaa wote, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi. Nawe unayemeza vidonge hivi, au unaye mzazi anayevimeza, jiulize: daktari gani anajua? Usivigawe, usivichanganye na pombe, na usiache kuvimeza kwa uamuzi wako. Rudi kwa daktari.

Nilimuuliza mdogo mtu angependa niseme nini hewani.

"Watu wanasema dada alikuwa mlevi wa vidonge," akaniambia. "Waambie alikuwa anaacha."