Mama Bado na Zile Dakika Kumi na Mbili

Naomba radhi kwanza. Wasifu huu ulitakiwa kumfikia mhariri wa jarida letu wiki tatu zilizopita, lakini mwanangu anaota meno, na kila nikishika kalamu naye anaishika. Haya, tuendelee.

Tarehe thelathini mwezi huu, mhudumu mkuu wa chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwenye faili ana jina lake. Kwenye korido za hospitali hii ni Mama Bado. Jina alilipata mwaka wa kwanza, kwa kuwa kila daktari aliyechungulia mlangoni kuuliza kama vyombo viko tayari alipewa jibu la neno moja, naye hata kichwa hakuinua.

Mtambo wa mvuke una muda wake. Ukiufungua kabla, vyombo vinatoka vimelowa na vijidudu vinabaki. Sisi wengine tulikuwa tukisubiri huku tumeukodolea macho mshale wa saa yake, kana kwamba utaona haya ukimbie. Yeye alikunja vitambaa, alinoa mikasi, alipanga seti ya zamu inayofuata. Kazi ikiisha alifungua Biblia, sura moja kwa kila mzunguko wa mtambo. Ameimaliza mara nne, ingawa anakiri kwamba kitabu cha Mambo ya Walawi kilimtoa kijasho kuliko mvuke.

Msimdhanie mtu wa kukaa tu na kusema Mungu atafanya. Kwa miaka tisa, kila Januari, aliandika barua ya kuomba mtambo mpya. Umefika mwezi uliopita, yeye akiwa anafungasha virago. Tulipomwonea huruma alicheka, akasema wakati wa Mungu haukosei, anayekosea ni ofisi ya ununuzi. Kisha akatufundisha vitufe vyote kwa siku nne.

Lakini siku ya kuandikwa ni Alhamisi moja, miezi minane iliyopita. Binti yake wa mwisho aliletwa na uchungu uliokwama, ikabidi apasuliwe. Seti zetu zote mbili zilikuwa zimetumika asubuhi ile. Moja ilikuwa ndani ya mtambo, imebakiza dakika kumi na mbili. Ya pili ilikuwa imeoshwa tu, haijafungwa. Daktari alikuja mwenyewe mbio, glavu mkononi, akamwambia safari hii ni mwanao, Mama, fungua.

Akajibu bado.

Mfanya usafi aliyekuwa pale anasema midomo yake ilikuwa ikiomba, lakini mikono haikusimama. Alikausha seti ya pili, akahesabu koleo, akaifunga kitambaa juu ya kitambaa. Mshale ulipofika, alitoa ya kwanza na kuingiza ya pili papo hapo. Mjukuu alizaliwa akilia kwa hasira, na kidonda cha mama yake kilipona bila usaha.

Haikupita saa moja, mama mwingine akasukumwa mbio kutoka wodini, anavuja damu. Seti ya pili ndiyo kwanza imetoka. Daktari alisema baadaye kwamba yule mama na mtoto wake hawakuwa na dakika kumi na mbili za kusubiri. Mama huyo ni mimi. Mtoto ndiye huyu mwenye meno.

Nilipomuuliza Mama Bado aliwezaje kusimama pale, alijibu kwamba dakika zile zilikuwa za Mungu, yeye aliachiwa mikono tu.

Asante, Mama Bado. Tunakuombea siku nyingi, magoti yasiyouma, na wajukuu wanaokuja kwa wakati wao.

Kwa wenzangu: kabla ya sherehe ya kumuaga, mwisho Ijumaa saa sita mchana, bado naomba kuletewa picha yake moja ambayo hajavaa barakoa, maana hakuna aliyenayo, namba ya viatu vyake, kwa sababu zawadi ni raba, kadi yenye sahihi za madaktari wote aliowahi kuwajibu vile, na kama nafasi haitoshi tuongeze karatasi, na kutoka utawala, jina la atakayeshika chumba chake Jumatatu, awe mtu ambaye akiambiwa fungua haraka, anajua la kujibu.