Lugha ya Vifungo na Neno Lililokataa Tafsiri

Mgeni rasmi, Mkurugenzi mpya wa kituo chetu cha televisheni; wakuu wa idara; wazazi mliokuja na watoto; na nyinyi watoto mliowaleta wazazi:

KUKUPOKEA

Sisi wachoraji, mafundi sauti na waigizaji wa kipindi cha katuni cha Vifungo tumefurahi kukuona umeshuka ngazi hadi huku chini tunakofanyia kazi. Kiti ulichokalia ni cha chumba cha kurekodia. Ndicho pekee kisicholia mtu akijigeuza, kwa hiyo tumekutolea kilicho bora. Tunaomba tu usiegemee sana upande wa kushoto.

TULIKOTOKA

Kipindi chetu kinahusu vifungo vilivyodondoka kwenye nguo vikaenda kuishi chini ya cherehani. Jina hilo limetuletea maswali. Mzazi mmoja aliwahi kupiga simu akilalamika kwamba mwanawe anasema akikua anataka kwenda kifungoni. Tulimweleza, akacheka, na sasa ni mtazamaji wetu.

Kifungo cha nguo hakina mdomo, mgeni rasmi. Kina matundu manne. Wachoraji waliyageuza mawili kuwa macho, wakatuuliza hayo mengine yatasema lugha gani. Dada yetu mtaalamu wa lugha akajibu kwamba asiye na midomo hawezi kuigusanisha, basi b, m na p zisiwepo. Waigizaji wakajifunza kusema huku wameuma penseli. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa lugha tuliyoiita Kitundu, na ndiyo sababu ndani yake mama anaitwa nana.

Haturopoki tu, ingawa wenzetu wa taarifa ya habari wanadhani hivyo. Kitundu kina sheria zake. Uzi ni ngi, na uzi mrefu ni ngiii, kadiri pumzi itakavyoruhusu. Anayekataa hulikata neno katikati. Neno likishapewa kitu halihamishwi, maana watoto hawasahau. Mvua ni shuurr. Hilo tulilipata siku choo cha ghorofa ya juu kilipovutwa maji tukiwa tunarekodi, tukaona bora tulipokee.

TULIYOFANIKIWA

Kabla kipindi hakijarushwa, tunawaalika watoto wa jirani. Tunazima picha wasikie sauti peke yake, kisha tunazima sauti waone picha peke yake. Wakitusimulia kisa kilekile mara zote mbili, kipindi kimepita. Msichana mmoja wa chekechea tulimuuliza anaelewaje wakati hajafundishwa. Alitutazama kwa huruma.

"Si wanasema," akatujibu.

Sifa kubwa ni za waigizaji wawili. Kabuti, kifungo kikubwa cha koti, ni sauti ya Mzee Tanzia, anayeitwa hivyo kwa sababu zamani alikuwa akisoma matangazo ya vifo redioni. Blauzi ni sauti ya Bi Simu, aliyestaafu kazi ya kuunganisha simu hospitalini. Wote wawili walifiwa na wenzi wao zamani. Kila kipindi huisha namna moja: Kabuti anabingirika kwenda kulala kwenye kanyagio la cherehani, Blauzi anamwambia "Sirolo", naye anajibu "Sirolo". Kuna nyumba ambamo watoto hawakubali kuingia kitandani kabla ya kusikia hilo.

YALIYOTUPATA

Ulipoingia ofisini, mgeni rasmi, uliagiza yawekwe maandishi ya tafsiri chini ya picha, ili na wazazi waelewe. Agizo lilikuwa na nia njema, na tulilishughulikia mara moja. Tulikaa kitako chumba cha kurekodia, mtaalamu wa lugha akiuliza, sisi tukijibu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye Sirolo. Neno hilo waigizaji walilianzisha wenyewe wakiwa kazini, na hakuna aliyewahi kuwauliza maana.

Mzee Tanzia hakusita. Alisema yeye humaanisha funga mlango, upepo unaingia.

Bi Simu alitaka neno hilo lirukwe. Alipobanwa, alisema, "Mimi siku zote nimekuwa nikimwambia usikawie, nakungoja."

"Unamwambia Kabuti?" mtaalamu aliuliza, kalamu mkononi.

"Haya, andika Kabuti." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Sisi tuliobaki tuliangalia sakafu. Mzee Tanzia aliuliza kama amesema jambo baya.

Tuliandika tafsiri ya Mzee kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Kipindi kiliporushwa, watoto wanaojua kusoma waliinuka wakaenda kufunga milango. Wasiojua kusoma waliwauliza baba zao pameandikwa nini, wakasomewa, wakawaambia baba zao hawajui Kitundu.

Kibaya zaidi, wawili hao wakaanza kuja kurekodi kwa zamu. Blauzi akawa anasema kama mtu anayekuarifu kwamba namba uliyopiga inatumika. Kabuti akarudia sauti yake ya redioni, na mama mmoja akatupigia simu kutupa pole. Tulijaribu kuwapatanisha kwa chai. Kila mmoja alikunywa yake akiongea na birika.

Tulipowasikilizisha watoto Sirolo hiyo mpya bila picha, yule msichana wa chekechea alisema Blauzi amechoka kungoja. Tukamuuliza, na Kabuti je?

"Kabuti hasikii vizuri," alisema.

Mzee Tanzia alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Kesho yake aliwahi kufika kuliko sisi sote. Bi Simu alipoingia kwa zamu yake, alimkuta. Vinasa sauti vilikuwa vinapimwa, kwa hiyo yaliyofuata tuliyasikia upande wa pili wa kioo. Mzee alimwomba radhi. Alimweleza kwamba tangu afiwe hakuna aliyewahi kumngoja popote, ndiyo maana hakulitambua neno hilo alipoambiwa.

"Nifundishe linavyojibiwa," alisema.

"Linajibiwa hivyohivyo," Bi Simu alisema. "Ila taratibu."

Bi Simu akasema Sirolo, Mzee akajibu taratibu. Tuliirusha sauti hiyo kama ilivyo, bila maandishi, kinyume cha agizo lako, mgeni rasmi, kwa kuwa mtaalamu wetu alikataa kuitafsiri. Tulikaa karibu na simu tukisubiri malalamiko. Hakuna mzazi aliyepiga kuuliza maana.

TUNAYOOMBA

Tunaomba maandishi ya tafsiri yaondolewe, au yaachwe kwa ajili ya wenzetu wa taarifa ya habari, ambao wao ndio hawaeleweki.

Tunaomba bomba la choo cha juu lihamishwe. Neno la mvua tunalo tayari, hatuhitaji jingine.

Mwisho, Mzee Tanzia na Bi Simu wameomba likizo, wote wawili, kuanzia siku moja. Afisa utumishi aliwauliza sababu. Walitazamana, wakamjibu kwa Kitundu. Afisa utumishi ni mtu mzima na hajawahi kufundishwa, lakini anasema ameelewa. Tunaomba uwaidhinishie.

Mungu akupe afya, akutunzie walio nyumbani kwako, na aifanye nyepesi kazi uliyopewa.

Ni sisi watumishi wako,
Kikundi cha Sauti na Michoro cha Vifungo.