Mkoba Uliojaa Vitamini

Bwana asifiwe! Tena na tena asifiwe, na nyinyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango itikieni, hakuna anayetozwa kitu! Nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyeniona nikiwa bado napanda ngazi kwa kushikilia ukuta.

Kwa wageni, naitwa Joyce, ila hapa wengi mnaniita Mama Shiko. Nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja kule Westlands, na ninaishi hapa Muthangari na mume wangu na watoto wetu wawili. Leo nimeomba nafasi nishuhudie jinsi Mungu alivyoniokoa na vitamini. Ndiyo, vitamini! Chekeni tu, hata mimi nimeshacheka. Lakini kabla ya kicheko kulikuwa na machozi.

Ndugu zangu, nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kazi unaoisha ukilala. Huu nilikuwa nalala nao na kuamka nao. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, na lifti za jengo lile ni za kuangalia tu. Nikifika juu moyo unanienda mbio, masikio yanavuma, na mgeni akinisalimu namwitikia kwa kichwa. Siku zangu za mwezi zilikuja kwa fujo na zikakataa kuondoka. Akina mama mnanielewa. Akina baba, hapo nitapita haraka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Na nikashikwa na hamu ya yale mawe laini yanayouzwa sokoni, mimi mtu mzima, nayatafuna nyuma ya meza kama panya.

Miaka ile, mtakumbuka, iliingia biashara ya kuuziana dawa za lishe. Mtu anakualika hotelini, unavaa vizuri, ukifika unakuta ni mkutano na kuna bwana mwenye tai anaeleza habari za maini yako. Haukupita muda, karibu kila dada katika ushirika wetu wa Jumatano alikuwa na chupa za kuuza. Na sisi tunajuana! Dada akikuombea Jumatano, halafu Alhamisi akuletee chupa, utamkatalia kwa mdomo gani? Kwetu hiyo inaitwa kuinuana. Dada Rahab, yule pale, na ninampenda sana, alinishika mkono baada ya ibada.

"Mama Shiko, hii kitu si mchezo. Imenisaidia mimi mwenyewe. Ebu ona ngozi!"

Nikaona ngozi. Ilikuwa nzuri kweli. Nikachukua.

Kwa Rahab nilichukua tembe za kijani. Kwa dada mwingine, mafuta ya samaki. Jirani akaniletea maji ya shubiri, machungu kama hasira, na binamu yangu akaniletea kalsiamu ya mifupa, ingawa mifupa haikuwa imelalamika. Kila asubuhi nilizipanga mezani, nikazimeza zote kwa kikombe changu kikubwa cha chai, nikaenda kazini nikiwa nimechoka vilevile. Ndugu zangu, sikuwa nachagua dawa. Nilikuwa nachagua muuzaji!

Na niseme ukweli wote. Zile chupa zilinifariji. Nikizimeza najiambia nimejitibu, basi hakuna haja ya kwenda kwa daktari. Shangazi yangu alikufa na ugonjwa wa kizazi, na niliogopa kusikia kwamba ni zamu yangu. Waswahili walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ndani ya mkoba wa vitamini.

Siku moja nikaanguka ofisini, mbele ya wageni. Nilipozinduka nilikuwa kliniki, na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, ananiambia mambo mawili. La kwanza, nina uvimbe kwenye kizazi, si kansa, unatolewa kwa upasuaji na mtu anapona. Haleluya! La pili, hawezi kunipasua, maana damu yangu imeshuka mno. Ataniandikia tembe za kuongeza damu. Ikipanda, tutaenda upasuaji. Isipopanda, uvimbe utaendelea kunitoa damu kila mwezi, na siku itafika niletwe usiku kama dharura. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikawaza Shiko na kaka yake watalelewa na nani.

Basi nikazimeza tembe zile kwa uaminifu. Nikarudi kupimwa. Damu haijapanda. Nikaongezewa tembe, nikarudi. Imekaa palepale! Hapa kanisani mliniombea, Mungu awabariki. Mmoja akasema ni roho ya kukausha damu. Mwingine akasema imani yangu ina ufa. Mwingine akaniletea chupa nyingine. Mimi nikafunga. Mtu hana damu, anafunga chakula! Nililia nikimwambia Mungu, kama umeamua kunichukua, niambie niwaandae watoto.

Nilipoenda kliniki tena nilikuwa nimekata tamaa. Daktari akaniangalia, akauliza taratibu.

"Mama, hizi tembe unameza kweli?"

"Kila siku, daktari."

"Unameza na nini?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

"Kwani kuna chai ingine?"

Daktari akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akanieleza. Zile tembe ni madini ya chuma. Ukiyameza na chai, majani ya chai yanayashika na maziwa yanayazuia, yanapita tu na kwenda zake. Na ile kalsiamu ya binamu ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo ya kuyafungia mlango. Akaniambia nilete kila kitu ninachomeza. Nikamletea mkoba mzima. Akasoma chupa moja moja, akaniachia tembe zake peke yake. Zingine, akasema, huenda zina mtu wa kuzihitaji, lakini mtu huyo si mimi. Nimeze kwa maji, au maji ya machungwa, na chai ikae mbali, masaa kadhaa.

Nyinyi! Nilikuwa nimemwomba Mungu anitumie muujiza, akanitumia swali. Unameza na nini? Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hilo, na mimi sikujiuliza!

Mkidhani shida iliishia hapo, ni kwa kuwa hamjui nimeolewa wapi. Jumapili iliyofuata tulikwenda Mutuini kwa mama mkwe wangu. Mnamjua mama wa Kikuyu na sufuria yake ya chai. Hujaketi vizuri, kikombe kiko mkononi, kimejaa mpaka ukingoni. Nilikuwa nimetoka kumeza tembe yangu njiani. Nikasema, "Maitu, mama yangu, leo naomba maji tu."

Mume wangu akaanza kuangalia kalenda ukutani.

"Maji?" mama akasema. "Joyce, nimekukosea wapi?"

Nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikamweleza yote: damu, uvimbe, upasuaji, tembe, woga wangu. Mambo niliyokuwa nimemficha muda wote huo, nikidhani mkwe haambiwi habari za kizazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha macho yakamjaa machozi.

"Unatokwa na damu hivyo, na hujaniambia? Kwani mimi si mama?"

Akachukua kile kikombe mkononi mwangu, akakimwaga tena kwenye sufuria, akaenda jikoni mwenyewe kuniletea maji. Tangu siku hiyo, kila wiki alinitumia terere, ule mchicha wa kienyeji, kutoka shambani kwake na malimau ya kukamulia.

Ndugu zangu, damu ikapanda! Ikapanda kidogo, ikapanda tena, mpaka daktari akasema, mama, twende. Wakanipasua, wakatoa uvimbe, nikaamka nikiita jina la Bwana.

Jioni wageni walifika wodini, na mnajua wagonjwa wetu wanavyotazamwa: kila mtu na thamosi. Chai hii, chai ile, meza ikajaa. Nikashukuru, sikunywa, maana tembe nilikuwa bado nazimeza. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mkwe, ametoka Mutuini na magoti yake mabovu, thamosi ameifunga kwa leso. Nikasema moyoni, haya, huyu nitamkataliaje mara ya pili?

Akafungua, akamimina, akanishikisha kikombe. Kilikuwa cha maji moto.

Mama huyu amewapenda watu kwa chai maisha yake yote. Hajui njia nyingine. Akabeba maji kutoka Mutuini, kwa ajili yangu. Niliyanywa huku nalia, naye akanifuta uso kwa ile leso.

Leo ngazi za ofisini napanda nikiongea. Nakushukuru Bwana, na nawashukuru nyinyi mlioniombea, hata wewe Rahab na ngozi yako! Na dada uliyeketi hapo na siri mwilini, unayemeza kila unacholetewa ili usikutane na daktari: mwamini Mungu, nenda ukapimwe, na umwambie mama yako. Usimchagulie Bwana njia ya kukujibu. Mimi alinipenda kwa kikombe cha maji.