Kipande Kilichobaki Kwenye Ngosi

Ilianza Jumamosi, tarehe tisa Machi 1974, saa kumi na nusu za jioni, ukungu uliposhuka mtaa wa Bulyaga na kulimeza bomba la maji la upande wa pili wa barabara. Benchi la kahawa la Mwanahalima lilikuwa limejaa, maana yake lilikuwa na watu watatu: Bushiri, fundi wa magari na baiskeli waliyemwita Spana, Yunusu, muuza vitambaa waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia, na Meshaki, mkulima wa chai na balozi wa nyumba kumi, ambaye jina lake pale lilikuwa Serikali. Nyuma yao, ndani ya kibanda cha mabanzi ambamo kahawa ilichemshwa, Atuganile alikaa kwenye kigoda, ameweka mikono juu ya tumbo. Alikuwa mwalimu, na chuo kikuu kilimfundisha kupima kila jambo kabla ya kuliamini. Wiki ile hofu ndiyo iliyokuwa ikimpima yeye. Nesi alimwambia mtoto amelala upande. Asingoje uchungu nyumbani, afike hospitali ya Mbeya mapema. Mumewe, Jotham, alikuwa Dodoma akipima viwanja vya vijiji vipya, na mabasi yalikuwa yamekosa mafuta. Angependa kukaa nje penye hewa, lakini barabara ile ndiyo aliyokuwa akipita baba mkwe wake, na mke wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe, hakai alipo yeye, wala jina lake halitamki. Wenyewe mwiko huo wanauita ukutila. Chuoni aliuandikia insha ndefu ya kuukosoa, akasifiwa. Na bado alikuwa kibandani, amejificha.

Serikali ndiye aliyefika mwisho jioni ile, buti zimejaa matope. Aliinamia upenyo wa mabanzi kabla hata ya kukaa.

— Mwalimu, nimetoka kiwanda cha chai. Lori halina dizeli.

— Na la misheni?

— Limeharibika. Lakini usiogope. Nimekwenda kwa baba mkwe wako. Amesema kesho asubuhi atakupeleka yeye, kwa lile gari lake, Ngosi.

Spana alishusha kikombe.

— Ngosi la kwanza lile?

— Wewe unalijua jingine hapa mjini?

— Nauliza tu, Serikali. Kuuliza nako mpaka kibali?

Mwanahalima alichochea mkaa, akamtazama Atuganile kwa jicho la pembeni.

Gari lenyewe lilipita kabla kahawa ya Serikali haijapoa. Wote walilifahamu. Liliundwa pale Ibighi, katika karakana ya huyo baba mkwe, mzee Ambilikile, juu ya fremu na injini ya Morris iliyotupwa na wazungu wa mashamba. Bodi ni mbao na bati, na jina lilitoka kwenye ziwa lililo juu mlimani, lile ambalo watu hulitazama kwa mbali na kuteremka upesi. Lilitokea ukunguni polepole. Mzee alikuwa peke yake, ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Siti ya nyuma, ambayo iliwekwa kinyume ikatazama kule gari linakotoka, ilikuwa tupu. Atuganile alikwisha kugeuza uso ukutani tangu aliposikia muungurumo. Hakuona kitu. Alisikia tu gari likiondoka.

— Mmeona? — Spana alisema kwa sauti ya chini. — Nyuma kushoto. Limelala.

— Springi zimechoka, — alisema Serikali.

— Springi ile nimeibadilisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Kisha nikaibadilisha tena. Naweka mpya, linasimama sawa, mzee anaondoka. Kesho yake likipita hapa limelala. Upande uleule. Kama limebeba mtu.

— Mashimo ya barabara.

— Mashimo yanachagua upande, Serikali?

Hapo ndipo mgeni alipojitokeza, mtu wa makamo mwenye koti la mvua, amebeba kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alisimama mbele ya benchi, akavua kofia.

— Ndaga, bandugu. Hamjambo?

— Hatujambo, ndugu. Kaa upate kahawa. Watokea wapi?

— Suma. Mimi ni Lusungu, ndimi ninayesimamia gari la kijiji chetu. Natafuta karakana ya huyo mzee anayeunda magari ya Ngosi.

— Ndiye kapita sasa hivi, — alisema Redio. — Akiingia ukunguni hivi, hujui atatokea lini. Una shida gani naye?

Lusungu alifungua jani. Ndani mlikuwa na kiubao chembamba, kirefu kama kiganja na zaidi kidogo, kimepigwa msasa mpaka kimelainika, na ukingoni kimechongwa mfereji.

— Sisi tulipewa gari letu likiwa ndani ya makreti, kama vijiji vingine. Vipande vipande. Mzee akatuambia, nyie wenyewe ungeni, ndiko kujitegemea. Tumeunga. Milango inafunga, injini inawaka, tumebeba mbolea mpaka tumechoka. Lakini hiki kilibaki. Hatukujua kinakaa wapi. Nikauliza kijiji cha pili, nao kwao kilibaki hikihiki. Na cha tatu. Sasa wazee wamekataa kupanda. Wanasema gari lenye kipande kisicho na mahali si gari lililokwisha.

Kiubao kikapita mkono kwa mkono.

— Hii ni kabari, — alisema Spana. — Unaegesha mlimani, unaweka chini ya tairi.

— Tulijaribu kwa kile cha kijiji cha pili. Kilipasuka palepale.

— Basi ni akiba, — alisema Serikali. — Mpango wowote wa maendeleo una akiba.

— Akiba ya nini?

— Hilo litaelezwa baadaye.

— Nyie watoto, — alisema Redio, ambaye kwa umri alikuwa mdogo kuliko wote. — Mreno yuko wapi? Si ng'ambo tu ya ziwa kubwa hapo chini? Anataka kujua vijiji vyetu vinapanga nini. Hili ni sikio. Kila gari lina sikio lake la mbao.

— Sikio la mbao! — Spana aligonga benchi. — Basi na hili tulilokalia linatusikiliza tangu asubuhi.

— Cheka. Mzee yule hakufanya kazi kusini, migodini? Alifundishwa na nani kuunda mabodi?

— Na babako alifanya kazi kusini. Naye ana sikio la mbao?

— Babangu hakurudi na siti inayotazama nyuma! Niambie, Spana, wewe fundi. Gari gani duniani abiria anakaa kinyume? La mtu anayejua kuna kitu kinamfuata, anataka kitazamwe.

Lusungu hakucheka. Alivuta koti lake.

— Na letu siti ni hivyohivyo, — alisema. — Tulidhani ni ya kuchunga mizigo isidondoke.

— Umesikia? — Redio alipata nguvu. Akakiinua kiubao karibu na taa ya chemli ambayo Mwanahalima alikuwa ameiwasha kwa ajili ya ukungu. — Tazameni huu ubao. Umepigwa msasa kama wa nini? Kama wa jeneza. Ninyi mmesahau Veronika? Mke wa mwanawe mkubwa, wa Ackson. Yule aliyekufa na mtoto tumboni, mwaka ule wa mvua. Baada ya mazishi ndipo karakana ilipofunguliwa, si kabla. Mimi nasema mbao zilizobaki kwenye jeneza lake, mzee anazikata kidogo kidogo. Kila kreti anatia kipande. Anamgawa. Anampeleka vijijini, Suma huko, kote, apate pa kukaa, asimrudie yeye pale nyum—

— Redio! — Mwanahalima alipaza sauti. — Ndani mna mtu.

Redio alifunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu saa kumi na nusu. Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, tone moja moja.

— Nisamehe, mwalimu, — alisema akiyaelekea mabanzi. — Maneno ya kijiweni haya.

Atuganile angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtu ambaye kosa lililoachwa bila kusahihishwa lilimnyima usingizi, na usiku ule alihitaji kulala.

— Jeneza lake lilikuwa la msonobari, — alisema kutoka ndani, akichungulia upenyoni. — Huo si msonobari. Huo ni kifuniko cha kioo.

— Kioo gani?

— Kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Ule mfereji unaingia kwenye fremu ya kioo. Unateleza kama mlango, kioo kinafunikwa.

Lusungu aligeuza kiubao, akapitisha kidole mferejini.

— Mwe! Kinaingia kweli. Lakini nani anafunika kioo cha gari?

— Mtu anayempakia mke wa mwanawe.

Walimsikiliza. Alizungumza taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza, akiruka jina la mkwe wake kila lilipokaribia.

— Mume wangu ndiye aliyenisimulia. Mwaka ule wa mvua, Veronika alishikwa na uchungu asubuhi. Mwenye karakana alikuwa na pikapu, nayo ilikuwa nzima. Alikuwa amekwisha kuiwasha. Lakini siti ni moja. Akae wapi? Ubavuni kwa baba mkwe? Wanawake wakakataa. Wakasema basi alazwe nyuma. Wengine wakasema kioo kitamwonyesha. Yeye mwenyewe Veronika alikataa. Alijifunika kanga usoni akakataa. Wakatuma watu kutafuta dereva mwingine. Pikapu ikaunguruma pale uani, mwenye karakana amesimama nyuma ya migomba asionekane. Dereva alipofika, hapakuwa tena na mgonjwa.

— Mungu amrehemu, — alisema Mwanahalima.

— Ile pikapu hakuipanda tena. Aliivunja, akaanza kuunda gari ambalo mkwe anaweza kupandishwa. Siti inatazama nyuma ili mke asione kisogo cha baba mkwe. Kioo kina kifuniko ili yeye asimwone mke. Wanapeana migongo. Hivyo ndivyo Ngosi lilivyoanza. Vijiji vikalitamani, akavipa kwa makreti, na kila kreti akatia kifuniko.

— Bila kusema ni cha nini? — aliuliza Spana.

— Angesemaje? Mke wa mwana hatajwi. Akieleza kifuniko, lazima amtaje.

Serikali aliinamisha kichwa. Spana akakohoa. Kwa muda benchi lilikuwa limepona hofu. Jambo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya huzuni tu, si ya kutisha. Atuganile mwenyewe aliona mabega yake yakishuka. Angepanda. Kuna nini cha kuogopa katika kiubao?

— Ndaga fijo, asante sana, mama mwalimu, — alisema Lusungu. — Wazee wangu nitawaeleza hivyohivyo. — Alikifunga kiubao kwenye jani lake, akainuka, akavaa kofia. Kisha akasita. — Ila nimepishana naye pale kwenye kona, kabla sijafika hapa. Alikuja karibu mpaka nikaingia mtaroni. Nilimwona vizuri. Sasa ndiyo natambua: kile kifuniko kilikuwa kimefungwa juu ya kioo.

— Ndiyo, — alisema Atuganile. — Hukifunga.

— Lakini alikuwa peke yake.

Lusungu alikigeuza kifurushi chake mkononi.

— Sasa akiwa peke yake, — aliuliza Lusungu, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, — anakifungia nani?

Spana alitazama mikono yake, ile iliyobadilisha springi. Redio, ambaye alikuwa na maelezo ya Mreno na ya jeneza, aliisogeza taa karibu naye. Serikali akageukia mabanzi, kwa sababu mwalimu ndiye aliyejua mengine yote. Ndani ya kibanda Atuganile alirudisha mikono juu ya tumbo. Mtoto alisogea ubavuni, kulekule upande.

Mwanahalima aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoa matone mawili matatu ya mashapo, kisha mvuke.

— Imekwisha, — alisema. — Nendeni majumbani.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa bado umekaa. Ngosi lilisimama mlangoni kwa Mwanahalima, limelala nyuma kushoto, na mzee mwenyewe tayari yuko kwenye usukani, uso mbele, kiubao kimefungwa juu ya kioo. Atuganile alijitanda kanga mbili. Alipanda kwa mlango wa pembeni bila kumtazama, akakaa upande wa kulia, mgongo wake ukielekea mgongo wa mkwe, akaweka mfuko wa nguo za mtoto pale kushoto palipokuwa wazi. Spana, aliyeamka mapema kuja kuaga, aliinama kutazama magurudumu. Aliinuka taratibu.

— Mwalimu, — alisema. — Sasa limesimama sawa.

Atuganile aliitazama ile nafasi ya kushoto. Kisha akauondoa mfuko pale, akaupakata magotini, akasema kwa sauti ndogo, «Shikamoo, dada,» akafunga mlango.