Nyundo ya Papa Védaste wa Majengo

Wasikilizaji wapendwa, tangu Jumanne avenue moja ya mtaa wa Majengo iko kimya. Papa Védaste Nizeyimana, fundi wa babula, ametuaga. Miaka sitini na mbili. Karibu kila nyumba ya pale inapika kwenye babula yake, jiko la makala lililotoka mikononi mwake.

Védaste aliishi na skizofrenia tangu ujana. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Lakini nyundo yake haikuyumba: ko, ko, ko, asubuhi mpaka jua lishuke. Miaka ya uasi, risasi zikilia upande wa Katindo, majirani wanaingia chini ya vitanda, yeye anagonga bati. Basi avenue ikajipatia desturi. Mtoto akiuliza kama kuna hatari, mama anamjibu: "Sikiliza Papa Védaste. Akigonga, hakuna kitu."

Desturi hiyo nusura iwamalize.

Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Barabara kubwa ikajaa watu na magodoro. Avenue ya Védaste ikabaki inapika. "Muzee anagonga," alisema jirani yake, Papa Bagalwa. "Mukimbie ninyi. Miye ninangoja sombe, majani yangu ya muhogo, iive."

Dada yake Védaste, Mama Dative, akafika mbio. Alikuwa ameuona moto kwa macho yake. Akamwita mlangoni mara tatu. Védaste hakugeuka. Dada akaingia, akamshika bega, akaitoa nyundo mkononi mwake.

Kimya. Na kimya hicho ndicho avenue nzima ilichosikia. Milango ikafunguka yote kwa pamoja. "Nilitoka na sufuria kichwani," anasema Papa Bagalwa, "sombe inanichuruzika masikioni." Anaapa pia kwamba moto ulisimama kwenye kona kuuliza bei ya babula. Hapo tumwachie mwenyewe. Lakini katika avenue ile hakufa hata mutu mumoja.

Miaka ikapita. Daktari Sikuli akamvalisha Védaste kofia ya nyaya, ya kupima ubongo. Akamsikilizisha mlio uleule: ti, ti, ti, ti. Ghafla: to. Ubongo wa watu wengi hushtukia ile "to", hata wakiwaza mambo yao. Kwa wengi wenye skizofrenia, Védaste naye, mshtuko huo ni mdogo; ndiyo maana hata sauti inayoita mlangoni inaweza kuwapita. Si ukiziwi. Si kiburi. Si mapepo.

Mama Dative akainama. "Miaka yote ile nilimugombeza mutu hana kosa."

Védaste yeye alikuwa anaichunguza kofia. "Dokta, ungeniambia. Ningekutengenezea ya bati."

Jumanne asubuhi nyundo haikulia. Avenue nzima ikatoka nje, bila kuitwa. Mama Dative akawakuta wamesimama mlangoni, wengine na masufuria mkononi. "Leo hakuna kukimbia," akawaambia. "Muingie, mukae."

Pole sana, Mama Dative. Pole kwa familia yote, na asante kwa kutugawia ndugu yako. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: nyumbani kwetu ni nani tunamwita mwenye kiburi kwa sababu akiitwa hageuki? Usipaze sauti. Umukaribie, umushike bega.