Mama Angélique Hakukaa Kasomeno

Kangwa Mwansa Angélique, ambaye tumekuja kumzika leo Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Kenya. Baba yake alikuwa Mwansa Élie, mfanyakazi wa reli, na mama yake Mumba Marthe. Wote wawili walitangulia. Alibatizwa mwaka huo huo, kabla ya Noeli.

Karatasi hii inasomwa na mdogo wake, Musonda Virginie. Kulikuwa na karatasi nyingine kabla ya hii. Wakubwa wa ukoo waliiandika Alhamisi, wakasema kwamba marehemu alifanya biashara Kasomeno kwa miaka mingi, kisha akafa kwa ugonjwa mfupi. Mume wake, Baba Godefroid, aliisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia Virginie.

"Andika vile ilikuwa," alisema.

Marehemu alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia 1975 hadi 1981. Baadaye aliingia shule ya uuguzi, akapata diploma yake ya A2 mwezi wa Julai 1989. Tangu utotoni alipenda kazi hiyo. Alikuwa akichukua faneli ya kumiminia mafuta, anaiweka juu ya tumbo la Virginie, anasikiliza huku amefumba macho, halafu anamwambia mama yao kwamba mtoto huyu amekula mapera mabichi. Virginie alikuwa akikataa. Na kila mara alikuwa ameyakula kweli.

Mwaka wa 1990 alianza kazi ya ukunga katika kituo kimoja cha afya huku mtaani Kasungami. Alifanya kazi hapo miaka ishirini. Wanawake wa hapa wanajua namna alivyokuwa. Mtoto akishatoka na kulia, Mama Angélique alimfuta uso, akamwambia siku na hali ya hewa. "Leo ni Alhamisi, jua iko kali, umefika." Alisema mgeni ana haki ya kujua amefikia wapi. Familia kumi na moja ziliwapa binti zao jina lake.

Tarehe 16 Julai 1994 alifunga ndoa na Chishimba Godefroid, dereva wa lori kwenye barabara ya Kasomeno na Kasenga. Mungu aliwapa watoto watatu: Nono, Gracia na Fils. Walijenga nyumba hapa Kasungami, na nyuma yake wakalima mahindi na mihogo.

Mwezi wa Septemba 2010 aliugua. Alianza kusikia mtoto akilia. Alikuwa akitoka kazini mchana na sare yake, anapita nyumba kwa nyumba, anabisha hodi na kuuliza: "Huku kwenu kuko mutoto analia. Juu ya nini hamumubebe?" Watu walimwambia hakuna mtoto. Yeye aliendelea kumsikia. Baada ya wiki tatu hakuwa anakula, na maneno yake yalikuwa hayafuatani. Kituo kilimwambia abaki nyumbani kwanza, na hakikumwita tena.

Mtaani walisema mkunga anayesikia watoto wasioonekana ni kwa sababu amewala. Hilo lilisemwa sokoni, kwenye bomba la maji na nje ya kanisa. Kabla mwaka haujaisha, majina ya wale wasichana kumi na mmoja yalikuwa yamebadilishwa karibu yote. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Delphine, alikuwa na Angélique wake wa miaka saba. Alimpa jina la Tracy. Watoto wenzake walichukua muda kulizoea.

Familia ilimpeleka marehemu mahali pa maombi nje ya mji. Alikaa huko miezi saba. Virginie alipokwenda kumtazama alimkuta amefungwa mnyororo mguuni, kwenye nguzo ya kibanda, nguo yake imelowa. Marehemu alimtambua.

"Virginie," alisema, "unipeleke kwetu. Hapa hawaoshe vidonda."

Virginie alimrudisha siku hiyo hiyo nyumbani Kasungami, alikokuwa akiwalea watoto. Lakini hakumrudisha chumbani kwake. Alimweka katika chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha kuwekea mahindi, kwa sababu dirisha lake halitazami barabara. Baba Godefroid alikuwa safarini. Aliporudi alikubali. Watu wakauliza Mama Nono iko wapi, na Virginie ndiye wa kwanza kusema: "Iko Kasomeno, anafanya biashara." Ilikuwa rahisi kusema hivyo, maana mume wa marehemu alikuwa akipita huko kila wiki. Watoto wakajifunza kusema hivyo pia. Fils alikuwa na miaka kumi. Shuleni aliandika mtungo juu ya mama yake anayeuza unga Kasomeno, na mwalimu akamsifu.

Marehemu hakukaa Kasomeno hata siku moja. Alikaa mita kumi na mbili kutoka kwenye meza mnayolia chakula leo.

Tarehe 20 Agosti 2016 wakwe wa Gracia walikuja kuleta mali ya mahari. Virginie ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama. Redio ilifunguliwa kwa sauti kubwa upande wa nyuma ili asisikike, ingawa siku hiyo hakupiga kelele yoyote. Wakwe walileta kitenge cha mama, wakakiweka mapajani mwa Virginie, wakashangilia. Virginie alishukuru. Gracia alitazama chini muda wote, na wageni wakasema bibi harusi ana heshima.

Wageni walipoondoka, Virginie alikipeleka kile kitenge katika chumba cha nyuma.

"Yaya," alimwambia dada yake, "hiki ni chako."

Marehemu alikipima kwa vidole, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. "Ni weye ulikaa pale," alisema. "Vaa."

Hakusema kwa hasira. Virginie hajakivaa mpaka leo, na hajui akifanyie nini.

Ni Gracia aliyetafuta daktari, mwaka wa 2018, akiwa tayari ana nyumba yake. Alimweleza mume wake ukweli kwanza. Mume akauliza hospitali ya magonjwa hayo iko upande gani. Daktari aliuliza maswali karibu saa nzima. Akasema huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una jina, una dawa, na kwamba wangemleta miaka minane nyuma wangemsaidia mapema zaidi. Alipewa vidonge na sindano ya kila mwezi. Baada ya miezi mitano sauti ya mtoto ilipungua, halafu ikawa mbali. Marehemu alirudi kulala chumbani kwake. Alianza kukaa uani asubuhi, akichambua maharage. Watu waliopita walimsalimu Virginie, yeye wakamruka.

Jumanne tarehe 8 Februari 2022, mchana, mvua ilikuwa imefunga njia zote za Kasungami na hakuna pikipiki iliyokubali kupita. Mama Delphine alikuja kwenye mlango wa nyuma. Tracy wake alikuwa ameshikwa na uchungu, na mtoto alikuwa anakuja vibaya.

"Mama Nono," alisema. Hakumaliza.

Marehemu alikuwa tayari anaosha mikono mpaka kwenye viwiko. "Chemsha maji. Leta wembe mupya, haujafunguliwa. Na unifuate."

Virginie alikwenda naye, kwa sababu aliogopa. Hakukuwa na cha kuogopa. Marehemu alimgeuza mtoto polepole, mkono mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo, akimwambia Tracy wakati wa kusukuma na wakati wa kupumua. Mtoto alitoka akiwa wa buluu, akapigwa nyayo, akalia. Ni mtoto wa kike. Marehemu alimfuta uso. "Leo ni Jumanne," alimwambia, "mvua iko mingi, umefika."

Mama Delphine alimsindikiza mpaka ukutani. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama Nono, aksanti sana. Lakini usiambie bantu kama ni weye ulimuzalisha."

"Sitasema," marehemu alijibu.

Hakusema. Mama Delphine mwenyewe ndiye aliyetupa ruhusa jana tuandike haya, na amekaa hapa mbele.

Ijumaa ya wiki iliyopita, tarehe 7 Machi, marehemu alisema tumbo linamuuma. Virginie alimuuliza kama amekunywa vidonge vyake. Alisema amekunywa. Jumamosi alisema maumivu yamehamia upande wa kulia, chini. Virginie aliwaza kwamba ugonjwa wa zamani unarudi, akaficha kisu cha jikoni. Jumapili alitapika. Jumatatu walimpeleka kwenye dispensari, na Virginie, ili kusaidia, alieleza kwanza kwamba dada yake ni mgonjwa wa akili na anatumia dawa. Muuguzi kijana aliandika hilo juu ya fishi, karatasi ya mgonjwa, akaweka kalamu chini.

"Haiko kichwa," marehemu alimwambia. "Iko apandisite. Miye niko infirmière, muuguzi kama weye. Bonyeza hapa, halafu uachilie, utaona vile inauma."

Muuguzi alicheka kidogo, kwa upole, akamtazama Virginie. Virginie naye alitabasamu. Walipewa dawa ya kutuliza, wakarudi nyumbani.

Jumanne maumivu yaliacha ghafla, na nyumba nzima ikafurahi. Yeye hakufurahi. Alimwita Virginie akae kando ya kitanda. "Ikiacha hivi, ni kwamba imepasuka," alisema. Virginie alimwambia alale. Baba Godefroid alipoingia na kumgusa paji la uso alimbeba mwenyewe mpaka kwenye lori. Madaktari wa mjini walimpasua jioni hiyo hiyo, wakakuta kidole tumbo kimepasuka na usaha umejaa tumboni. Alikata roho Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Alikufa kwa apandisite. Hakufa kwa wazimu, wala kwa uchawi, wala kwa ugonjwa mfupi. Aliutambua ugonjwa wake mwenyewe ndani ya siku nne, akauita kwa jina, mbele ya watu wenye akili timamu.

Ameacha mume, Chishimba Godefroid. Watoto watatu, Nono, Gracia na Fils. Wajukuu wanne, ambao wawili hawakuwahi kuletwa kumwona. Na mdogo mmoja, Virginie, ambaye amemaliza kusoma.

Mama Angélique, lala pole pole. Huko unakofika, ukisema unaumwa, wakuamini.